Ruta ya Wi-Fi nyumbani: mwongozo kamili kwa mkazi wa Kigoma

Muuza duka pale Mwanga atakuuliza kwanza una bajeti ya shilingi ngapi. Kabla ya kumtajia bei, mweleze intaneti inaingiaje nyumbani kwako, maana hapo ndipo ruta moja inafaa na nyingine inageuka pambo la mezani. Kwa umbo zinafanana: kiboksi cheupe au cheusi, antena mbili au nne, taa za kijani. Ndani ni vitu tofauti kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kigoma Ujiji na wilaya nyingine za mkoa, Kasulu hadi Uvinza, aliyechoka kuwashiana hotispoti ya simu na sasa anataka Wi-Fi ya nyumba nzima. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa nyumba nyingi za huku, pesa unayotaka kuiongeza ili upate ruta ya bei mbaya italipa zaidi ukiitumia kwenye waya mrefu, betri, na muda wa kutafuta mahali sahihi pa kuiweka.

Hatua ya 1: Jua intaneti inaingilia wapi

Kama kuna faiba (waya unaopitisha intaneti kwa mwanga) mtaani kwako, kampuni italeta waya mwembamba kutoka kwenye nguzo hadi ukutani, pamoja na kifaa chake ambacho mafundi hukiita ONT au ONU. Hicho ndicho kinachogeuza mwanga kuwa intaneti, na vingi vina Wi-Fi ndani yake. Kaa nacho kwanza kabla ya kununua kingine. Ukiona hakifiki vyumba vya nyuma, ruta ya kuongeza itahitaji tundu lililoandikwa WAN. Tundu la laini ya simu si la lazima kwako.

Wengi wetu lakini tunategemea laini ya simu. Hapo ruta lazima iwe na modemu ya 4G ndani na tundu la kuchomeka laini. Linasikika jambo dogo, ila wapo wanaonunua ruta nzuri kabisa ya faiba, wanafika nyumbani na kuigeuzageuza wakitafuta pa kuingizia laini. Hapapo.

Sasa chagua mtandao, na usichague kwa tangazo. Kigoma ni mji wa vilima: aliye juu anauona mnara kwa macho, aliye bondeni nyuma ya kilima anausikia kwa shida, na wote wawili wako mtaa mmoja. Azima simu zenye laini za kampuni tofauti, simama nazo ndani ya nyumba, pima kasi saa nne asubuhi kisha urudie saa mbili usiku watu wakiwa wamesharudi makwao. Kipimo cha usiku ndicho cha kuamini. Kampuni yenye kasi kubwa mchana ikaanguka usiku ina mnara uliojaa watu, na hakuna ruta itakayokutibia hilo.

Kwa walio Manyovu, Kagunga na vijiji vingine vya karibu na Burundi: ukishawasha ruta, zima kabisa utumiaji wa mtandao wa nje ya nchi (roaming) kwenye mipangilio yake. Simu unaiona ikihama mtandao kwa sababu uko nayo mkononi. Ruta itahama usiku umelala.

Hatua ya 2: Dukani

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, hii ni ya laini zote?"

"Ya laini zote hiyo, dada. Chomeka yoyote."

"Basi tuiwashe hapa hapa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa zisome laini ya kampuni hiyo peke yake, na baadhi ya zinazoitwa za laini zote zimefunguliwa nusunusu na fundi. Nenda na laini mbili za kampuni tofauti zenye bando dogo, chomeka moja baada ya nyingine, subiri simu yako ifungue ukurasa wowote kupitia Wi-Fi ya ruta hiyo. Alama ya mnara kuwaka haitoshi. Ukurasa ufunguke.

Kisha geuza ruta uangalie chini. Kifaa chochote kinachobeba laini kina namba ya IMEI ya tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ile ile tuliyoizoea tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, uone majibu yanaendana na kifaa ulichoshika. Na laini utakayoiacha ndani isajiliwe kwa alama za vidole vyako, siyo vya kijana wa dukani. Ukipiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Angalia pia bendi. Kila mnara huongea kwa masafa fulani, na ruta isiyo na masafa hayo haitausikia hata ukiiweka chini yake. Bendi za kutafuta kwanza kwa upande wetu ni ya 3, ya 20 na ya 28, yaani megahezi 1800, 800 na 700. Masafa ya chini hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, kwa hiyo anayekaa nje ya mji ana sababu kubwa ya kuisaka 20 na 28. Jihadhari na ruta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinazokuja kwa bei ya kutupa. Nyingi hazina bendi ya 20.

Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zisikutishe. AC1200, kwa mfano, ni jumla ya megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, na ni kasi ya maabara kati ya ruta na simu, haihusiani na kasi ya kuingia nyumbani. Modemu ya 4G ya daraja la 4, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, mwisho wake wa kupokea ni megabiti 150 kwa sekunde, na mnara wenye watu haukupi hata robo. Kumbuka pia kwamba megabiti 8 ni megabaiti 1. Ukipata megabiti 10 kwa sekunde, faili la gigabaiti 1 litachukua dakika 13 na ushee kushuka. Hizo 10 zinatosha TV moja ya video safi na simu mbili tatu za WhatsApp.

Kwa hiyo chukua nini? Kwa laini ya 4G, ruta yenye Wi-Fi 5 (kizazi cha tano cha Wi-Fi, siyo 5G ya simu), masafa yote mawili ya Wi-Fi, bendi nilizotaja, na matundu ya kufungia antena ya nje ya 4G. Wi-Fi 6 ina maana kwa nyumba yenye faiba na vifaa vingi vinavyotumika kwa pamoja, vinginevyo unalipia kitu usichokitumia. Wi-Fi 4 tupu ningeiacha, ingawa bado inafanya kazi. Vile viruta vya mfukoni vyenye betri ni vya mwanafunzi au msafiri. Nyumba ya vyumba vinne itavielemea. Na kuhusu antena: nyingi zinazoonekana nje ni za kusambaza Wi-Fi. Nne badala ya mbili hazikusaidii kuusikia mnara. Uliza zipi ni za 4G.

Hatua ya 3: Pa kuiweka

Hapa ndipo pesa yako inapofia au kupona.

Sebule zetu nyingi zina kabati la TV, na ruta huishia nyuma ya TV, katikati ya king'amuzi na ukuta, kwa kuwa soketi iko hapo. Pabaya mara mbili. TV ina chuma na inaziba njia ya Wi-Fi, na ukuta wa nyuma yake mara nyingi hautazami mnara wowote.

Ruta ya laini ina kazi mbili, kuusikia mnara na kusambaza Wi-Fi, na kazi hizi hugombania mahali. Kanuni ninayoifuata ni kuupa mnara kipaumbele. Simu inaweza kuvumilia Wi-Fi hafifu chumba cha mwisho. Ruta isiyousikia mnara haina cha kusambaza.

Unapataje mahali hapo? Jiunge na Wi-Fi ya ruta, fungua kivinjari cha simu uandike 192.168.8.1, au 192.168.1.1, au 192.168.0.1, anwani yako imeandikwa kwenye stika ya chini. Ndani tafuta ukurasa wa taarifa za mtandao wenye herufi RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mnara unapofika kwako. Ina alama ya kutoa mbele, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri: −80 ni raha, −100 unavumilia, −110 na kushuka ni mateso. SINR ni usafi wake, namba kubwa ni nzuri: juu ya 13 huna malalamiko, ikianza kucheza na sifuri intaneti itakatakata hata RSRP ikiwa ya kuridhisha.

Chukua waya mrefu wa soketi, tembea na ruta chumba hadi chumba. Kila unapoisimamisha subiri dakika mbili namba zitulie, andika kwenye karatasi. Nyumba moja ya Gungu niliyoona ikipimwa hivi ilikuwa na −113 nyuma ya TV. Kwenye dirisha la chumba cha watoto linalotazama kilima ikasoma −95. Tofauti ya 18 inaonekana ndogo, ila kila kupanda kwa 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo 18 ni zaidi ya mara 60. Ruta ile ile, laini ile ile, bando lile lile.

Angalia dirisha lenyewe. Wavu wa mbu ukiwa wa plastiki hauna tatizo. Ukiwa wa chuma, yale matundu madogo yanazuia mawimbi karibu kama bati, na mtu anaweza kuhangaika na kampuni mwezi mzima kumbe adui ni wavu wa dirishani. Nondo za dirisha hupunguza kidogo tu. Bati la paa linaziba, ndiyo maana kuipandisha ruta darini mara nyingi hakuleti kitu zaidi ya kuipika kwa joto. Tangi la maji lililo kati yako na mnara au kati ya ruta na chumba hunywa mawimbi, maana maji huyameza. Friji, kabati la chuma na kioo kikubwa cha ukutani navyo ni vizuizi. Tofali la kuchoma na la saruji yote hupunguza, na kuta tatu mfululizo zinatosha kuua Wi-Fi ya gigahezi 5.

Iweke juu kidogo, usawa wa kichwa cha mtu mzima, mbali na jua la moja kwa moja linalopiga dirishani mchana. Kama nyumba ni ya chini tu, antena zisimame wima, kwa sababu mawimbi yake hutoka kwa pembeni kuliko juu na chini.

Ukizunguka nyumba nzima na bado uko chini ya −110, hapo sasa antena ya nje ina haki ya pesa yako. Iwe ya 4G yenye waya mbili, ifungwe kwenye mlingoti juu ya bati, ielekezwe kwenye mnara. Waya uwe mfupi iwezekanavyo, maana kila mita inakula sehemu ya ulichokipata juu. Mlingoti uwe na waya wa kwenda ardhini. Radi za msimu wetu wa mvua hazihitaji maelezo kwa mtu aliyekaa kando ya Tanganyika. Wingu likianza kunguruma ziwani, chomoa umeme na uchomoe waya za antena.

Hatua ya 4: Mipangilio ya siku ya kwanza

Badilisha kwanza nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Hili ni tofauti na la Wi-Fi, na lile la kiwandani watu wengi wanalijua kwa kuwa mara nyingi ni admin tu. Aliyepewa Wi-Fi yako akilijua hilo pia, anaweza kukufungia wewe nje.

Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. WEP usiiguse, ilishavunjwa miaka mingi. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au tarakimu nane, kwani udhaifu wake unajulikana tangu 2011. Nenosiri la Wi-Fi liwe refu: maneno manne yasiyohusiana yanayokaa kichwani ni bora kuliko namba ya simu yako, ambayo mtaa mzima unayo.

Masafa mawili yape majina mawili. Gigahezi 5 ni ya TV na laptopu zilizo chumba kimoja na ruta au cha pili yake, gigahezi 2.4 ni ya vyumba vya mbali na simu za zamani. Kwenye 2.4 weka upana wa megahezi 20 na uchague chaneli ya 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Maeneo yenye nyumba za kubanana na maduka, ziko Wi-Fi nyingi zilizorundikana chaneli moja. Programu ya bure ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android itakuonyesha ipi ina nafasi.

Washa mtandao wa wageni. Shemeji akija kutoka Kasulu, mpe huo. Akiondoka unaubadilisha nenosiri bila kwenda kuunganisha upya TV, kamera na simu za nyumba nzima.

Malizia kwa kusasisha programu ya ndani ya ruta ukiipata kwenye menyu. Fanya hivyo umeme ukiwa wa uhakika, kwa sababu ukikatika katikati ruta inaweza isiwake tena.

Hatua ya 5: Linda bando

Simu ikiona Wi-Fi huamini ni ya bure. Inapakua masasisho, inapandisha picha zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp inashusha kila video ya kundi la ukoo. Bando la wiki linakwisha Jumanne, kisha watu wanaanza kumtuhumu jirani.

Kwenye kila simu ya Android, gusa jina la Wi-Fi yako uichague kuwa ya kupimwa (metered). Windows nayo ina mpangilio huo huo. WhatsApp izimie upakuaji wa video hata ikiwa kwenye Wi-Fi. TV iambie ubora wa 480, tofauti utaiona kidogo kwa TV ya inchi 32 ila bando litaiona sana. Ruta nyingi zina ukurasa wa kuhesabu data na kuweka kikomo cha mwezi. Kiweke chini kidogo ya bando lako ili upate onyo kabla halijaisha. Ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa uupitie mara mojamoja. Usichokijua kifungie.

Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo huwa na kiwango ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Soma masharti kabla ya kulipa. Na namba ya laini iliyo ndani ya ruta iandike mahali, ili uweze kuinunulia bando kutoka simu nyingine bila kuichomoa kila mara.

Hatua ya 6: Umeme

Kigoma ilikaa miaka mingi ikilishwa na majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na kila nyumba ina tabia zake za kujikinga. Ruta iingie kwenye tabia hizo. Umeme ukirudi, usiichomeke papo hapo. Subiri dakika chache utulie, au ipitishe kwenye gadi ile ile ya friji au TV.

Kisha nunua yupiesi ndogo ya ruta, ile ya betri ya lithiamu inayokaa kati ya adapta na ruta. Soma adapta yako kwanza: kama imeandikwa volti 12, yupiesi itoe volti 12, na ncha ya waya iingie bila kulegea. Yenye miliampia 8800 za volti 3.7 ina kama wati-saa 32. Ukitoa zinazopotea njiani, ruta inayokula wati 7 itakaa karibu saa nne. Kwenye sola usiichomeke ruta moja kwa moja kwenye betri, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na kitu. Weka kifaa cha kushusha na kutuliza volti katikati.

Kufikisha Wi-Fi nyumba ya uani

Virudishia mawimbi vya kuchomeka ukutani vinauzwa sana, navyo vingi hupunguza kasi karibu nusu kwa sababu hupokea na kutuma kwa masafa yale yale. Waya wa mtandao ni bora mara kumi. Aina ya Cat5e inafika hadi mita 100. Ipitishe kwenye bomba la plastiki ardhini, na upande wa pili weka ruta yoyote ya zamani uliyoiweka kwenye hali ya kusambaza tu (access point).

Ikigoma

Tafuta kwanza ugonjwa uko upande gani. Simu ikishindwa kujiunga, ni Wi-Fi. Ikijiunga lakini hakuna kinachofunguka, angalia salio la bando, kisha RSRP, kisha chomeka laini kwenye simu uone kama inafanya kazi huko. Kwa wa faiba, taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa sana, na kuzima na kuwasha hakutasaidia. Ruta ya laini inayochoka kila baada ya siku kadhaa izime dakika moja na uiwashe; ikizidi, iguse, joto huwa ndiyo sababu.

Kitundu cha kurudisha kiwandani, kile cha kubonyezwa na pini kwa sekunde kama kumi, kiwe cha mwisho, kwani kinafuta kila ulichopanga. Kina siku yake lakini: ukiiuza au ukimpa mdogo wako anayeanza maisha, toa laini yako, kibonyeze mpaka taa zote zizime na kuwaka upya, ndipo umkabidhi pamoja na adapta yake halisi.